Jinsi ya Kujibu Maswali ya Usaili wa Kazi kwa Mpangilio Unaoeleweka

Anayekusaili ana karatasi mbele yake. Ina swali, ina nafasi ya kuandika, na pembeni ina kisanduku cha alama. Ukishatoka wanaingia wengine, na ikifika jioni jopo halikumbuki tena nani alicheka vizuri na nani alivaa nini. Linasoma kilichoandikwa. Kwa hiyo jibu zuri ni lile ambalo mtu aliyechoka, anayesikiliza huku anaandika, ataweza kulinukuu bila kukuomba urudie. Ukilishika hilo, mengi ya yanayofuata utayaona yanajieleza yenyewe.

Karatasi hizo hazikuja kwa bahati. Mwaka 1998 watafiti Frank Schmidt na John Hunter walijumlisha tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Usaili uliopangwa, ambao kila mwombaji anaulizwa maswali yaleyale na kupimwa kwa vigezo vilevile, ulibashiri utendaji kazini kwa uwiano wa 0.51 (0 ni kubahatisha tu, 1 ni kubashiri bila kukosea). Ule wa kupiga soga tu ulipata 0.38. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizipitia upya hesabu hizo wakapata 0.42 na 0.19. Namba zote zilishuka, lakini pengo likazidi kupanuka. Basi usishangae kuona waajiri wakubwa wakishikilia fomu. Utumishi wa umma wa Uingereza hutoa alama 1 hadi 7 kwa kila kigezo cha mwenendo kazini. Umoja wa Mataifa huuliza mifano ya mambo uliyokwisha kuyafanya. Kampuni ya Amazon imeweka hadharani misingi yake 16 ya uongozi na huwaambia waombaji waziwazi waje na mifano inayoihusu.

Ukiingia chumba cha namna hiyo na maelezo yasiyo na kichwa wala miguu, unamnyima pa kuandika mtu ambaye huenda alikuwa tayari kukupa alama.

Hatua ya 1: Anza na tangazo la kazi

Lichapishe au linakili, kisha pigia mstari vitenzi: kusimamia, kuratibu, kuandaa, kutunza, kushughulikia. Kila kitenzi ni swali linalosubiri zamu yake. "Kushughulikia malalamiko ya wateja" litakujia kama "Tueleze kuhusu mteja mwenye hasira uliyewahi kumhudumia." "Kuratibu kazi za idara" litageuka "Ulifanyaje kazi mbili za haraka zilipogongana?" Andika maswali kama kumi hivi. Hayatafanana neno kwa neno na yatakayoulizwa, ila mengi yatagonga palepale.

Hatua ya 2: Andaa visa, usiandae majibu

Jibu la kukariri likikutana na swali lililogeuzwa kidogo, limevunjika. Kisa hakivunjiki kirahisi hivyo. Kisa kimoja cha kweli kinaweza kujibu swali la kutatua tatizo, la kufanya kazi na watu wagumu, hata la kukubali kukosolewa, kutegemea unaanzia wapi na unakaza wapi.

Visa sita hadi vinane vinatosha kwa usaili mwingi. Kati yake pawepo tatizo ulilolimaliza, mgogoro na mtu, kazi iliyoharibika mikononi mwako, muda uliobana, jambo ulilolianzisha bila kutumwa, na kitu ulicholazimika kujifunza upesi. Hapa ndipo wasiowahi kuajiriwa hukata tamaa, na sioni sababu. Mafunzo kwa vitendo yana visa. Kazi ya kikundi chuoni ina visa, tena vya migogoro ya kweli. Kutunza fedha za chama cha wanafunzi, kujitolea, kusaidia biashara ya familia: jopo halidai kisa kiwe na mshahara ndani yake, linadai kiwe chako.

Kwa kila kisa andika kwenye kadi au kwenye simu mambo machache: ilikuwa wapi na lini, nini hakikuwa sawa, wewe ulitakiwa kufanya nini, ulifanya nini kwa mfuatano, na kikaishaje. Usiandike insha. Ukiandika insha utaikariri, na ukiikariri utaitoa huku macho yakitazama darini.

Kisha tafuta namba. Siku ngapi, watu wangapi, makosa mangapi kabla na mangapi baada. Kama huna namba kamili, kadiria na useme wazi kuwa ni makadirio, hakuna atakayekulaumu. Kuna visa visivyo na namba kabisa, hasa vya kushughulika na watu. Hivyo vitafutie ushahidi mwingine: utaratibu uliouanzisha bado unatumika, mteja aliyekuwa anaondoka alibaki, bosi alikukabidhi kazi kubwa zaidi baada ya hapo.

Hatua ya 3: Tambua umeulizwa swali la aina gani

Wengi hupoteza alama kwa kujibu swali la aina nyingine. Mtu ameulizwa alifanya nini, anajibu mtu anatakiwa afanye nini. Sikiliza maneno ya mwanzo ya swali:

- "Tueleze wakati ulipo…" au "Toa mfano…" linataka kilichotokea, mara moja, mahali pamoja. Jibu linaloanza na "Mimi huwa…" limeshapotea njia.
- "Ungefanya nini kama…" linataka hatua zako na sababu zake.
- "Taja", "Eleza", "Kuna tofauti gani" linataka ujuzi. Jibu kwa kuhesabu: "Ziko tatu. Ya kwanza…" Mwenye kalamu ataandika 1, 2, 3 na kukushukuru kimoyomoyo.
- "Kwa nini" linataka sababu, mbili zinatosha, kila moja na ushahidi wake.

Hatua ya 4: Lijenge jibu

Mpangilio unaofahamika zaidi kwa maswali ya mifano huitwa STAR, kifupi cha maneno ya Kiingereza situation, task, action, result. Una vipande vinne: hali, jukumu, hatua, matokeo. Mimi huwashauri watu waongeze kimoja mbele yake, yaani sentensi ya kichwa inayotoa jibu lenyewe kabla ya maelezo.

Tuchukue swali moja tulione kwa karibu. "Tupe mfano wa tatizo la kikazi ulilolitatua." Mwombaji amewahi kuwa mtunza stoo. Anajibu:

"Aa, kwa kweli matatizo kazini ni mengi. Pale nilipokuwa tulikuwa na stoo kubwa sana, na mnajua stoo huwa zina changamoto zake. Sasa kulikuwa na shida ya hesabu kutolingana, maana aliyekuwepo kabla yangu hakuwa makini. Basi tukakaa kama timu, tukajadiliana, tukaweka mikakati, na kwa kushirikiana na uongozi tukafanikiwa kulitatua lile tatizo, mambo yakawa mazuri."

Jiweke upande wa mwenye kalamu. Utaandika nini hapo? Stoo, hesabu, timu. Basi. Mikakati ipi? Nani aligundua? Mazuri kiasi gani? Mwombaji hakusema uongo hata kidogo, ila hayumo ndani ya jibu lake mwenyewe. Na katikati amemsema vibaya mtangulizi wake, jambo ambalo jopo litalisikia hata kama haliliandiki.

Sasa mtu yuleyule, kisa kilekile:

"Niligundua kwa nini hesabu za stoo zilikuwa hazifungi, nikabadilisha namna ya kupokea mizigo. Nilikuwa natunza stoo ya vifaa vya ofisi na usafi, na kila mwisho wa mwezi bidhaa kama 40 zilitofautiana na zilivyokuwa kwenye kompyuta. Nilitakiwa kulimaliza hilo kabla ya ukaguzi, uliokuwa umebakiza miezi mitatu. Kwanza nilichukua bidhaa kumi zenye tofauti kubwa, nikafuatilia hati zake za kupokelea moja baada ya nyingine. Nikakuta saba kati yake zinapokelewa kwa katoni lakini zinatolewa kwa pakiti, na kwenye kompyuta zote zimeingizwa kwa kipimo kimoja. Nikakaa na mhasibu tukakubaliana kipimo cha kila bidhaa, nikabandika orodha hiyo kwenye meza ya kupokelea, kisha nikaanza kuhesabu rafu moja kila Ijumaa badala ya kusubiri mwisho wa mwezi. Siku ya ukaguzi tofauti zilikuwa nne, na zote zilikuwa na maelezo. Utaratibu wa Ijumaa niliuacha unaendelea."

Angalia uzito ulivyogawanywa. Sentensi ya kwanza ni jibu tayari. Hata msaili akikatizwa na simu hapo hapo, ana kitu cha kuandika. Hali na jukumu zimechukua sentensi mbili. Hatua zimekula zaidi ya nusu ya muda, na ndani yake kuna ule undani wa katoni na pakiti ambao mtu asiyewahi kushika kazi hiyo ni vigumu kuubuni. Matokeo yana namba inayolingana na namba ya mwanzoni: 40, kisha nne. Mhasibu ametajwa, kwa hiyo ushirikiano umeonekana bila mwombaji kujificha nyuma yake.

Kosa la kawaida zaidi ni kurefusha hali. Mtu anaeleza historia ya ofisi, vyeo vya wakubwa, ugomvi wa idara, na akifika kwenye kile alichokifanya yeye pumzi imekwisha. Kipimo ni rahisi: kama ukiondoa taarifa fulani na hatua zako bado zinaeleweka, iondoe.

La pili ni "tulifanya". Wengi tumelelewa tusijitangulize, na kusema "nilifanya" tunakuonea haya kama kujisifu. Lakini jopo haliajiri timu yako nzima. Tumia "tuli-" kwa lengo na matokeo ya pamoja, na "nili-" kwa kile ambacho usingekuwepo kisingefanyika kwa namna ile. Chunga pia "ilifanyika", "iliamuliwa", "ilionekana". Vitenzi hivyo havina mwenyewe, na msaili makini atakuuliza: iliamuliwa na nani?

Kama swali ni la kushindwa, kisa kinaruhusiwa kuisha vibaya, ilmradi umalizie kwa kilichobadilika katika utendaji wako. "Nilijifunza umuhimu wa mawasiliano" ni sentensi nyepesi. "Tangu siku ile makubaliano yoyote ya simu nayathibitisha kwa barua pepe kabla sijaondoka ofisini" ina kitu cha kushika.

Hatua ya 5: Maswali yasiyohitaji kisa

Swali la "ungefanya nini" lina mpangilio wake: ningethibitisha nini kwanza, ningeamua nini, ningemhusisha nani, ningefuatilia vipi. Tuseme mhasibu anaulizwa: "Mkuu wako anakuagiza ulipe ankara isiyo na hati ya kupokea mzigo. Ungefanya nini?" Jibu la "nisingekubali kwa sababu mimi ni mwadilifu" linasikika vizuri lakini halina hatua. Hili lina hatua:

"Nisingelipa mpaka nijue mzigo uko wapi. Kwanza ningeuliza stoo kama mzigo umefika na hati imechelewa tu. Kama umefika, ningeifuatilia hati na kulipa siku hiyohiyo. Kama haujafika, ningezungumza na mkuu faragha, nimwonyeshe kanuni inayotuzuia na kumpa njia nyingine, kwa mfano kumwandikia msambazaji kwamba malipo yatatoka mzigo ukipokelewa. Akisisitiza, ningeomba agizo kwa maandishi na kumjulisha mkaguzi wa ndani."

Neno linalobeba jibu hilo ni "kama". Linaonyesha unajua kuwa hali halisi ina matawi. Ukiwa na kisa cha kweli kinachofanana, kiambatanishe kwa sentensi moja au mbili mwishoni.

"Tueleze kuhusu wewe" ndilo swali linaloharibiwa kuliko yote, kwa sababu watu husoma wasifu wao kwa sauti kuanzia shule ya msingi. Jopo wasifu linao. Toa mambo matatu ndani ya dakika moja hivi: unafanya nini sasa, ulipitia nini kinachohusiana na kazi hii, na kwa nini uko hapa leo. Mfuatano wa kurudi nyuma kisha kwenda mbele una faida moja: sentensi yako ya mwisho inakuwa kuhusu kazi wanayoitangaza.

Kuhusu udhaifu, achana na "mimi hufanya kazi kupita kiasi". Wameshaichoka. Taja udhaifu wa kweli usio moyo wa kazi unayoomba, na hatua unayoichukua kuudhibiti. Mhasibu asiseme namba humchanganya, lakini anaweza kusema alikuwa anaogopa kuzungumza mbele ya watu na sasa ndiye anayewasilisha taarifa ya mwezi kwenye kikao cha idara.

Sababu ya kuacha kazi: sentensi mbili, bila kumsema mtu, kisha rudi kwenye kazi iliyo mbele. Mshahara: fanya utafiti kabla, toa kiwango cha chini na cha juu unachoweza kukitetea, nyamaza.

Swali usilolijua linastahili maandalizi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa lazima lije. Kubahatisha kwa kujiamini ni hatari, maana mmoja wao karibu kila mara analijua jibu. Sema usichokijua, sema unachokijua kilicho karibu nacho, na sema ungepataje jibu: "Mfumo huo sijautumia. Niliotumia ni mwingine wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, na nilijifunza kwa kukaa zamu mbili na aliyeuzoea. Huu ningeanza kwa namna hiyohiyo, pamoja na mwongozo wake." Hapo unapata sehemu ya alama. Ukikaa kimya, au ukizunguka, hupati hata moja.

Hatua ya 6: Ukiwa ndani ya chumba

Baada ya swali, nyamaza kidogo. Sekunde tatu kwako ni milele, kwao ni nafasi ya kumalizia kuandika jibu lililopita. Ukihitaji zaidi, sema: "Naomba sekunde chache nitafute mfano unaofaa." Hujapungukiwa kitu.

Jihadhari na maswali yenye mikia: "Tueleze mgogoro uliowahi kuwa nao na mwenzako, uliutatuaje, na leo ungefanya tofauti nini?" Hayo ni maswali matatu na huenda yana alama tatu. Omba ruhusa ya kuwa na karatasi, andika neno moja kwa kila mkia, na ukifika wa mwisho utangaze: "Na kuhusu ningefanya tofauti nini…" Usiposikia vizuri, "Samahani, naomba urudie sehemu ya mwisho" ni bora kuliko kujibu swali ulilojitungia.

Kisa kimoja kikae kati ya dakika moja na nusu na mbili, labda tatu kwa kazi za ngazi ya juu. Tazama kalamu. Ikisimama na macho yakainuka, wamepata wanachotaka, nenda kwenye matokeo umalize. Na ukishayasema matokeo, funga mdomo. Ukimya unaofuata ni wao wanaandika, ila waombaji wengi huuogopa na kuujaza kwa "kwa hiyo, ndiyo hivyo, yaani kwa ujumla…" mpaka jibu zuri linapoa.

Maswali ya ziada yasikutishe. "Mhasibu alikubali mara moja?" "Kwa nini Ijumaa?" Anayechimba kwa kawaida anakutafutia alama, au anapima kama kisa ni chako. Hapo ndipo visa vya kuazima huanguka: mtu anajua mwanzo na mwisho, katikati hayupo. Ila ukweli usikufanye umwage siri. Majina ya wateja, hali za wagonjwa na takwimu za ndani za mwajiri wako wa zamani viache vilipo, na ukibanwa sema huna ruhusa ya kuvitaja. Wataelewa kwamba siri zao nazo zitakuwa salama.

Hatua ya 7: Fanya mazoezi kwa sauti

Kichwani kila jibu ni zuri. Jirekodi kwa simu ukijibu maswali yako kumi, kisha sikiliza ukiwa na kalamu na kuandika tu yale ambayo msaili angeyaandika. Karatasi ikibaki tupu baada ya nusu dakika, unajua pa kurekebisha. Hesabu pia "yaani", "kwa kweli" na "kama nilivyosema". Zamu ya pili mpe mtu mwingine akuulize kwa maneno yake, bila kufuata orodha yako. Kama usaili utakuwa kwa lugha usiyoizungumza kila siku, fanya mazoezi kwa lugha hiyo tangu mwanzo. Kisa kilichokaa vizuri kichwani kwa Kiswahili kinaweza kukugomea mdomoni kwa nyingine, hasa kwenye majina ya vifaa na nyaraka.

Usaili wa mtandaoni hauna tofauti kubwa, isipokuwa huoni kalamu. Weka kadi zako karibu na kamera, maneno makuu tu, na ukimaliza jibu unaweza kuuliza, "Niongeze jambo lolote hapo?" Kwenye ule wa kujirekodi peke yako mbele ya kamera, muda hukatwa na mashine, kwa hiyo sentensi ya kichwa ni ya lazima: ukikatwa katikati, jibu liwe limeshasikika.

Ukitoka, kabla hujampigia mtu simu kumsimulia, andika maswali uliyoulizwa na kisa ulichokitumia kwa kila moja. Ukiitwa raundi ya pili, wanaweza kuwa na karatasi za raundi ya kwanza mezani, na utahitaji visa ambavyo hawajavisikia.